Ufa kwenye daraja la chuma: kuutafuta, kuusimamisha na kuurekebisha

Fundi aliyewahi kutengeneza chesisi ya lori anaujua mwenendo huu. Lori linaletwa chesisi ikiwa imepasuka karibu na mabano ya springi. Ufa unachomelewa, juu yake kinawekwa kiraka cha chuma, lori linarudi barabarani. Miezi michache baadaye limerejea, na safari hii ufa umeanzia kwenye kona ya kiraka. Mwenye lori anavilaumu vijiti vya kuchomelea, au anamlaumu fundi. Kumbe chuma kimefanya kile kile kilichofanya mara ya kwanza: kimepasuka pale ambapo mshono umeweka kona ngumu kwenye njia ya nguvu.

Daraja la chuma lililochomelewa hupasuka kwa sababu hiyo hiyo. Linachukua miaka mingi zaidi, na anayelipia kosa ni abiria aliye juu yake. Mwongozo huu ni wa fundi wa kuchomelea, mkaguzi na mhandisi kijana anayejikuta chini ya boriti na tochi mkononi. Nitakaa zaidi kwenye mambo mawili ambayo nayaona yakiharibiwa mara nyingi kuliko mengine: kuijua sababu ya ufa kabla ya kuugusa, na kuikamata ncha yake.

Chuma kinachoka vipi

Umri wa daraja kwa miaka hausemi mengi. Kinachohesabika ni magari mangapi yamepita na yalikuwa mazito kiasi gani. Kila lori linapopita, boriti inapinda kidogo kisha inarudi. Ndani ya chuma, nguvu inayobebwa na kila milimita ya mraba, yaani mkazo, inapanda na kushuka. Mara moja si kitu. Ikirudiwa mara milioni kadhaa, kasoro iliyokuwa imelala kwenye mshono inaamka.

Na kasoro haikosekani. Kwenye ukingo wa kila mshono, pale weldi inapokutana na bamba, pana vipande vidogo vya taka na vimfereji ambavyo kina chake ni sehemu chache za kumi za milimita. Jicho haliwezi kuviona. Isitoshe, mshono unapopoa unasinyaa na kulivuta bamba lililo jirani, na mvuto huo unabaki humo ndani hata daraja likiwa tupu, ukikaribia kiwango cha chuma kuanza kurefuka bila kurudi. Ndiyo maana kutumia chuma cha nguvu zaidi hakuongezi maisha ya mshono. Maisha yake yanaamuliwa na umbo la kiungo na tofauti kati ya mkazo wa juu na wa chini kila gari linapopita.

Tofauti hiyo ina nguvu kubwa kuliko watu wanavyodhani, maana maisha ya kiungo yanapungua kwa kipeo cha tatu chake. Ukiipunguza nusu, kiungo kinaishi mara nane zaidi. Ukiizidisha kwa asilimia 20, maisha yanashuka hadi kama asilimia 58. Sheria ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 imeweka ukomo wa tani 56 kwa gari zima, na tani 10 kwa ekseli moja ya matairi manne. Ekseli ya tani 12 ikipita mahali pa tani 10, madhara yake kwenye mshono yanazidi kwa asilimia zaidi ya 70. Mizani ya barabarani ni sehemu ya matengenezo ya daraja, na anayepitisha lori lililozidi amekula maisha ya mishono ambayo hatawahi kuiona.

Hatua ya 1: Anza mezani, na michoro

Usipande daraja kabla ya kujua unakwenda kutazama nini. Boriti ya mita 30 ina mamia ya mita za mshono, na karibu zote hazitapasuka kamwe. Ufa una makazi yake, na mengi yanaonekana kwenye mchoro.

Kwanza, ncha za mabamba ya nyongeza. Zamani ilikuwa kawaida kuchomelea bamba la pili chini ya flenji ya chini, yaani lile bamba la ulalo la chini ya boriti, ili kuipa nguvu katikati ya boriti, kisha kulikatisha njiani. Pale linapokatikia, nguvu yote iliyokuwa ikipita kwenye mabamba mawili inalazimika kuhamia kwenye moja kupitia mshono wa mwisho. Ni moja ya viungo dhaifu kuliko vyote vinavyojulikana. Huko Connecticut, Marekani, daraja la Yellow Mill Pond katika barabara kuu ya I-95 lilifunguliwa mwaka 1958. Mwaka 1970 moja ya boriti zake ilikutwa flenji ya chini imekatika na ufa umepanda kwenye ubavu, yaani bamba la wima la boriti, chanzo kikiwa ncha ya bamba la nyongeza. Boriti nyingine nyingi za hapo zilipochunguzwa, zilikutwa na nyufa changa mahali pale pale.

Pili, mabamba madogo yaliyochomelewa ubavuni au kwenye flenji ili kushika viunganishi vya ulalo. Tatu, mishono iliyobakishiwa kile kipande cha chuma cha kuegemezea weldi, hasa kama kipande hicho kiliungwa vipande vipande: mwanya kati ya vipande viwili ni ufa uliokwisha kutengenezwa. Nne, alama za vishikizo vya muda ambavyo mafundi waliviweka wakati wa ujenzi na kuving'oa kwa nyundo.

Tano, matundu yaliyozibwa kwa weldi. Haya hayamo kwenye mchoro, na ndiyo maana ni hatari. Januari 2017, daraja linalounganisha Pennsylvania na New Jersey juu ya mto Delaware lilikutwa na mhimili wake wa juu umekatika kabisa. Tangu lilipojengwa miaka ya 1950, kulikuwa na tundu lililotobolewa mahali pasipotakiwa, likajazwa weldi na kusawazishwa. Kwa zaidi ya miaka 60 hakuna aliyejua lipo. Ukikuta duara hafifu chini ya rangi, lenye ukubwa wa tundu la bolti, lichukue kama mgonjwa hadi vipimo viseme vinginevyo.

Sita, na hapa naomba msomaji atulie, ni mwanya mdogo kati ya bamba la kukaza na flenji. Wajenzi wa zamani waliogopa kuchomelea kitu chochote kwenye flenji inayovutwa. Hofu hiyo ilitoka kwenye madaraja ya mwanzo ya kuchomelewa yaliyokatika huko Ulaya, kama lile la Hasselt, Ubelgiji, lililoanguka Machi 1938. Kwa hiyo bamba la wima la kukaza, ambalo pia linashika fremu inayounganisha boriti mbili, lilichomelewa ubavuni tu na kuachwa likiwa na mwanya wa milimita chache kabla ya kufika kwenye flenji. Nia ilikuwa njema. Lakini boriti moja inaposhuka zaidi ya jirani yake, fremu inausukuma ubavu pembeni, na kinachopinda ni ule ukanda mwembamba wa mwanya peke yake. Unakunjwa huku na huku kama waya unaotaka kuukata kwa mkono. Nyufa za aina hii ni nyingi sana, na hesabu ya kawaida ya nguvu za boriti haizionyeshi hata kidogo.

Kwa upande wetu, ongeza madaraja ya Bailey. Mwingereza Donald Bailey aliyabuni kwa ajili ya jeshi wakati wa Vita Kuu ya Pili, yafungwe na kufunguliwa haraka. Kenya, Tanzania, Uganda na Kongo yapo yaliyowekwa kwa dharura baada ya mafuriko na kisha yakabaki. Kila fremu yake ni kazi ya kuchomelea. Angalia kamba ya chini, yaani mhimili wa chini wa fremu: mishono ya nguzo zake, kingo za matundu, na sehemu zinazozunguka pini. Fremu hizo huhamishwa toka daraja moja kwenda jingine, kwa hiyo iliyowekwa jana inaweza kuwa na historia ndefu isiyoandikwa popote.

Mwisho wa hatua hii uwe na mchoro wenye duara nyekundu kila mahali pa kushuku, na uwe umejibu swali moja: boriti hii ikikatika, ipo nyingine ya kubeba mzigo? Daraja la boriti mbili halina msamaha wa daraja la boriti sita.

Hatua ya 2: Fika karibu, safisha, tazama

Darubini kutoka ukingoni mwa mto haitoshi. Uso wako uwe umbali wa mkono kutoka kwenye mshono, na mwili wako umefungwa mkanda wa usalama. Chukua tochi kali, lenzi ya kukuza mara 10, brashi ya waya, kitambaa, kiyeyushi cha kuondoa grisi, rula na kalamu ya chuma.

Kabla ya kusafisha chochote, tazama kwanza. Ufa unaofunguka na kufunga unasaga kutu na kuitoa nje. Utaona mstari mwembamba wa kahawia ukichuruzika kutoka kwenye ukingo wa mshono, au unga mweusi mwekundu uliojikusanya. Ukipiga brashi mara moja umefuta ushahidi wako. Piga picha, kisha ndipo usafishe. Mwanga uulaze karibu sambamba na bamba, maana ukimulika moja kwa moja ufa mwembamba unapotea. Rangi iliyopasuka si lazima chini yake chuma kiwe kimepasuka, lakini lazima uhakikishe. Kwenye madaraja ya zamani rangi inaweza kuwa na madini ya risasi: vaa barakoa ya kweli ya vumbi, na usiiache ianguke mtoni.

Yaliyotokea Memphis, Marekani, yanapaswa kumkaa kila mkaguzi moyoni. Mei 11, 2021, wakaguzi kwenye daraja la barabara ya I-40 juu ya mto Mississippi walikuta boriti kuu ya kufungia tao imepasuka karibu kukatika, penye kiungo cha kuchomelea. Waliita polisi kwa simu ya dharura, daraja likafungwa saa hiyo hiyo. Baadaye watu waliporudi kwenye picha za zamani, waliukuta ufa huo kwenye picha iliyopigwa mwaka 2016 na mtu aliyekuwa akipita chini kwa mtumbwi. Kwa miaka mitano ufa ulikuwa wazi kwa yeyote mwenye macho, na kaguzi zilipita. Ninachojifunza hapo ni kwamba anayetembea akitazama daraja zima haoni kitu. Nenda kwenye duara moja nyekundu, tazama, andika, ndipo uende kwenye inayofuata.

Hatua ya 3: Thibitisha

Ukishuku, pima. Kwa nyufa za juu ya chuma, kipimo ninachokiamini zaidi ni unga wa sumaku: sumaku ya umeme ya mkono yenye miguu miwili inawekwa pande mbili za mshono, unga unanyunyizwa, nao unajipanga kwenye ufa. Ufa unaonekana vizuri pale nguvu ya sumaku inapoukata kwa upana, kwa hiyo pima mara mbili, ya pili ukiwa umeigeuza sumaku nyuzi 90. Jaribu sumaku yako kabla ya kazi: ile ya umeme wa mkondo geu iweze kuinua chuma cha kilo 4.5. Rangi nene inaficha nyufa ndogo, iondoe.

Kama sumaku hamna, rangi ya kupenya inafaa na ni rahisi kubeba: safisha, kausha, paka rangi nyekundu, subiri dakika 10 hadi 30, futa kwa kitambaa, nyunyiza unga mweupe, ngoja mstari mwekundu utokeze. Kosa kubwa la ukanda wetu ni joto. Dawa za kawaida zimetengenezwa kwa chuma kisichozidi nyuzi 50 hivi za Selsiasi. Boriti iliyopigwa jua la saa saba mchana inaweza kuzidi hapo, rangi ikakauka ndani ya ufa na isirudi tena juu. Utaandika kuwa hakuna ufa kumbe upo. Kipimo hiki kifanye asubuhi, na mkononi uwe na kipimajoto cha kugusisha kwenye bamba.

Ufa ulio ndani, au kina cha ufa uliouona, kinahitaji mawimbi ya sauti na mtu aliyefuzu kuyasoma. Usikubali picha ya eksirei peke yake. Ufa wa uchovu umebana sana, na mionzi isipoupitia kwa mwelekeo wake hauachi alama.

Ukishaujua ufa, weka nukta kwa kalamu ya chuma kwenye kila ncha, andika tarehe kando yake kwa rangi, pima urefu hadi milimita.

Hatua ya 4: Daraja libaki wazi au lifungwe?

Uamuzi huu ni wa mhandisi mwenye dhamana, lakini wewe uliye juu ya ngazi ndiye unayemletea habari, na habari hiyo iende leo. Ufa ulio kwenye ubavu, sambamba na mwendo wa boriti, ndani ya ule ukanda wa mwanya, kwa kawaida unatoa muda wa kupanga. Ufa uliokata flenji inayovutwa, kwa upana wake, hautoi. Kwenye boriti isiyo na mwenzake wa kuisaidia, ondoa malori mara moja, na kama una shaka ondoa kila gari. Huko Memphis walifunga kwanza, hesabu zikafanywa baadaye. Hiyo ndiyo taratibu.

Hatua ya 5: Tafuta sababu

Hapa ndipo mafundi wengi wanaparuka, kwa sababu mashine ipo tayari na bosi amesimama pale. Subiri.

Jiulize ufa umeelekea wapi. Ufa unaokua kwa sababu ya kuvutwa unakata kwa upana njia ya mvuto: kwenye flenji ya chini ya boriti, utaenda kutoka upande mmoja hadi wa pili. Hapo chanzo ni mzigo mkubwa, umbo baya la kiungo, au kasoro ya ndani, na ufa hautaacha kukua hadi boriti ikatike. Ufa unaotokana na ubavu kusukumwa pembeni una sura nyingine: unafuata mshono wa ubavu na flenji kwa ulalo, au unashuka kando ya mshono wa bamba la kukaza, na mara nyingi unapinda kama kiatu cha farasi. Kadiri unavyorefuka, ubavu unalegea na nguvu inayoukunja inapungua; kuna nyufa zinazojisimamia zenyewe. Ila ufa ukishatoka kwenye ukanda huo na kugeuka kukata njia ya mvuto, umekuwa wa aina ya kwanza.

Kama bajeti inaruhusu, bandika vipimo vya umeme vya mkazo karibu na kiungo na upitishe lori la uzito unaojulikana. Kama hairuhusu, weka kipimo cha mshale, chenye uso kama saa, kati ya flenji na ubavu, pitisha lori, tazama mshale. Ukiona ubavu unasogea hata sehemu ya kumi ya milimita kila lori linapopita, umeshapata jibu bila hesabu ndefu.

Andika sababu kwa sentensi moja kwenye daftari la daraja. Ukishindwa kuiandika, hujawa tayari kurekebisha.

Hatua ya 6: Simamisha ncha

Ncha ya ufa ni kali kuliko wembe wowote, na ukali huo ndio unaousukuma mbele. Tundu la mviringo linauondoa. Ni kazi rahisi kwa maelezo, na ndiyo maana inafanywa hovyo.

Ncha unayoiona kwa macho siyo ncha ya kweli. Ufa unaendelea kidogo zaidi, mwembamba kupita uwezo wa jicho, na kwenye bamba nene unaweza kuwa umetangulia upande wa pili au katikati. Ipate kwa unga wa sumaku pande zote mbili za bamba. Kitovu cha tundu kiweke kwenye ncha hiyo au mbele yake kidogo, ili nusu ya tundu iwe mbele ya ufa. Kwangu milimita 25 ndicho kipenyo kidogo kabisa kwa boriti ya daraja. Kwa ufa mrefu napendelea 50 hadi 100 kama nafasi ipo. Tundu la milimita 10 lililotobolewa kwa drili ya mkono ni kujifariji, ufa utavuka.

Tumia drili yenye kitako cha sumaku na kikata cha duara. Moto wa gesi usikaribie: unaacha kingo ngumu zenye mikwaruzo, na kila mkwaruzo ni ufa mtarajiwa. Baada ya kutoboa, tazama ndani ya tundu. Mstari wa ufa uonekane upande mmoja tu, ule ulikotoka. Ukiuona na upande wa pili, ncha imekuponyoka, panua au toboa tena. Kisha sugua ndani kwa msasa hadi kung'ae, vunja kingo kali pande zote mbili, pima tena kwa rangi ya kupenya. Kutia bolti ya nguvu yenye washa pana na kuikaza kikamilifu kunasaidia, kwa kuwa inalibana chuma linalozunguka tundu. Lakini bolti inaficha ukingo wa tundu, kwa hiyo mpangilie anayekuja kukagua namna ya kuifungua.

Chenga za drili usizitupe. Zitie kwenye mfuko safi, andika zilikotoka, zipeleke maabara: zitakuambia kiasi cha kaboni na manganizi kwenye chuma, na utaihitaji hesabu hiyo ukifika kwenye kuchomelea. Sampuli ya bure namna hii huipati mara mbili.

Tundu peke yake ni dawa ya kusubirishia, isipokuwa pale ambapo sababu yenyewe imeondolewa.

Hatua ya 7: Rekebisha kulingana na sababu

Kwa nyufa changa za ukingo wa mshono, zenye kina kisichozidi milimita 3 hivi, bamba halihitaji kukatwa. Saga ukingo kwa grenda ndogo yenye kichwa cha mviringo hadi ufa utoweke, ushuke angalau nusu milimita chini ya kasoro ya mwisho uliyoiona, na mikwaruzo ya mwisho ielekee njia ya mvuto wala isiikate. Au gonga ukingo huo kwa nyundo ya hewa yenye ncha ya mviringo: chuma cha juu kinafinyangwa na kubaki kimebanwa, na ufa uliobanwa haufunguki. Kule Yellow Mill Pond njia hii ilitumika, pamoja na kuyeyusha upya ukingo wa mshono kwa TIG, yaani uchomeleaji wa sindano ya tungsteni chini ya gesi. Kugonga kufanywe daraja likiwa na uzito wake wote, ili mbano ule ubaki wenye faida.

Kwa ufa wa mwanya, una njia mbili zinazokwenda kinyume, na zote ni sahihi mahali pake. Ya kwanza ni kukaza: funga bamba la kukaza na flenji kwa vipande vizito vya chuma cha pembe na bolti, ili visogee pamoja. Kipande chembamba kitapinda chenyewe na ufa utarudi, hivyo usiogope unene wa milimita 20. Ya pili ni kulegeza: kata sehemu ya chini ya bamba la kukaza ili mwanya uwe mrefu na ubavu upinde taratibu. Pengine inatosha kuondoa fremu yenyewe, ambayo mara nyingi ilihitajika wakati wa kujenga tu. Hilo lipate saini ya mhandisi kwanza. Ninachokikataa ni kuchomelea ufa huo na kuondoka. Mwanya umebaki vile vile, lori ni lile lile.

Kwa flenji au ubavu uliopasuka, chaguo langu la kwanza ni mabamba ya pande mbili yaliyofungwa kwa bolti. Kiungo cha bolti zilizokazwa kinastahimili uchovu kuliko karibu mshono wowote utakaouchomelea ukining'inia kwenye jukwaa. Mabamba yaweze kubeba nguvu yote ya sehemu iliyopotea, kana kwamba ufa umeshakata kabisa. Nyuso zinazogusana zisiwe na rangi laini wala grisi, maana mzigo unabebwa na msuguano. Matundu yatobolewe kwa drili. Bolti zikazwe kwa utaratibu uliohakikiwa: M24, yaani bolti ya kipenyo cha milimita 24, ya kiwango cha nguvu cha 10.9 inahitaji mvuto wa kama kilonyutoni 247, na spana ya kawaida na nguvu za mikono havitakufikisha huko. Memphis walianza na mabamba ya muda pande za boriti, wakafuatia na fimbo za chuma zilizovutwa ili kuirudisha nguvu mahali pake, kisha mabamba ya kudumu. Magari yalianza kurudi mwishoni mwa Julai 2021.

Kuchomelea ni njia ya mwisho, na ukiichagua ifanye kwa heshima zake zote. Jua kwanza kama chuma chenyewe kinachomeleka. Chukua majibu ya zile chenga: kaboni, jumlisha manganizi gawa kwa 6, jumlisha kromiamu, molibdeni na vanadiamu kwa pamoja gawa kwa 5, jumlisha nikeli na shaba gawa kwa 15. Jibu likikaribia 0.45 au kulipita, kazi hii inahitaji mtaalamu wa metali kabla ya cheche ya kwanza. Funga daraja kwa magari, kwa sababu mshono unaotikiswa ukiwa bado mwekundu unapasuka humo humo. Chimba ufa wote, na uendelee milimita 50 za chuma kizima kila upande. Pima kwa sumaku kuhakikisha umeisha. Usiamini rangi ya chuma. Pasha bamba moto kabla, angalau nyuzi 65 kwa unene wa milimita 40 hadi 65 na nyuzi 110 kwa unene zaidi ya hapo, na kwenye ukarabati mimi huongeza, kwa kuwa chuma kimebanwa kila upande na hakina pa kusinyaa.

Vijiti viwe vya haidrojeni kidogo, kama 7018, na vikae kwenye tanuri la nyuzi 120 au zaidi hadi dakika ya kutumika. Vikitoka, una saa nne. Katika unyevu wa Mombasa, Tanga au Zanzibar, pakiti iliyoachwa wazi usiku kucha haifai kwa daraja, hata kama inawaka vizuri. Haidrojeni iliyoingia kwenye mshono itaupasua ukishapoa, pengine siku ya pili. Kwa hiyo kipimo cha mwisho kifanywe baada ya saa 48, siyo jioni ile ile. Saga mshono usawa na bamba, ondoa vipande vya kuegemezea, na usiwashe moto wa kijiti pembeni ya mshono kwa kujaribu: alama ile ndogo ni mwanzo wa ufa mwingine.

Hatua ya 8: Rudi

Ufa mmoja ni taarifa kuhusu viungo vyote vinavyofanana nao. Kabla ya kuondoka na jukwaa, kagua kiungo hicho hicho kwenye boriti zote na kwenye daraja jingine lolote lililochorwa na mikono ile ile. Paka rangi nyepesi badala ya nyeusi, ili mchuruziko wa kutu wa kesho uonekane.

Kwenye daftari weka mahali, urefu, tarehe, picha yenye rula ndani yake, sababu uliyoiandika hatua ya 5, na ulichokifanya. Rudi baada ya mwezi, kisha miezi mitatu, kisha sita, ukasome zile nukta ulizozipiga kwa kalamu ya chuma. Ukikuta ufa umevuka tundu au umetokeza pembeni mwa bamba jipya, usianze kutafuta kijiti bora. Rudi hatua ya 5, kwa kuwa sababu uliyoiandika pale siyo iliyoupasua.